Mama wa Mto wa Barafu

Wakati nasoma Guangzhou nilipatwa na ugonjwa wa kuwaeleza watu kama inavyoelezwa mito ya barafu. Ulinianzia darasani, kwenye somo la ramani. Mwalimu wetu, bwana mfupi aliyevaa sweta lile lile la kijivu kila baridi, alikuwa amekwenda Ncha ya Kusini ujanani mwake, na nadhani roho yake hakurudi nayo. Alitufundisha kwamba mto wa barafu hausifiwi. Husemi unapendeza, husemi unatisha. Unasema unaanzia wapi, unaelekea upande gani, unapokea matawi yapi na unaishia wapi. Jina linakuja mwisho kabisa, pamoja na sababu yake.

Basi ikawa nikipanda treni ya chini ya ardhi sioni watu, naona barafu. "Bwana mpana, anayeteremka kuelekea mashariki kutoka mlango wa nyuma, akipokea mikoba miwili upande wa kushoto, na kuishia kwenye kiti nilichokuwa nakitaka mimi." Nacheka peke yangu, abiria wananitazama, nami nawatazama. Mpaka leo sijapona sawasawa.

Natoka Tanga. Barafu niliyokua nayo ilikuwa ya ukwaju, iliyogandishwa kwenye mfuko wa nailoni na kuuzwa getini mwa shule. Unang'ata kona ya mfuko na kufyonza mpaka meno yanakufa ganzi. Siku niliyowasimulia hayo wanafunzi wenzangu wa Kichina walicheka sana, na mmoja akaniuliza kama nimewahi kuona theluji. Nikamwambia nimeiona juu ya Kilimanjaro, kutoka dirishani mwa basi la Arusha, na yeye je, amewahi kuiona Kilimanjaro? Sipendi mtu anifanye mshamba kabla hajaniuliza maswali ya kutosha.

Zoezi letu kubwa la mwaka ule lilikuwa hili. Mwalimu alitandaza mezani picha za setilaiti za pwani moja ya Antaktika, na kila mmoja wetu akapewa mto mmoja wa barafu ambao kwenye ramani ya darasa haukuwa na jina. Uupime, uueleze, kisha uupendekezee jina. Mapendekezo mazuri yangepelekwa kwa kamati inayoshughulikia majina ya huko, nayo ikiridhika jina linaingia kwenye ramani moja kwa moja. Masharti yalikuwa machache: lisiwe jina la mtu aliye hai, lisiwe la biashara, lisiwe refu, na lisiwe tayari linatumika jirani.

"Na msikimbilie jina," mwalimu alituonya. "Kwanza mjueni mnayetaka kumwita."

Nikaanza kuujua wangu. Ulitoka kwenye uwanda mweupe usio na kitu, ukabanwa katikati ya milima miwili myeusi, ukapasuka nyufa pale ulipoporomoka, ukatulia tena, ukapokea tawi dogo kutoka kushoto, halafu ukateremka kaskazini-magharibi mpaka ghubani, ambako ulitoa ulimi mrefu juu ya maji na kumegeka vipande. Katikati yake, kuanzia pale tawi lilipoingia, palikuwa na mstari mweusi mwembamba ulionyooka mpaka baharini. Niliupima mara kwa mara bila sababu. Mwenzangu wa bwenini akaanza kuuliza, "Barafu yako haijambo?" nami najibu haijambo, bila kuona kama nimesema ajabu.

Hayo yalikuwa mambo ya katikati ya juma. Jumamosi na Jumapili nilikuwa mkalimani kwenye Barabara ya Zhanqian, karibu na stesheni ya reli, katika majengo yale ya nguo za jumla ambako wakati huo Waafrika walikuwa wanapishana na mafurushi kuanzia asubuhi. Mji wote ulikuwa unajengwa. Ukilala kuna uwanja, ukiamka kuna ghorofa, na katika ghorofa hilo kuna mtu tayari anauza zipu.

Niliyemfanyia kazi zaidi alikuwa mama mmoja wa Dar es Salaam mwenye duka Kariakoo, rika la mama yangu, mwendo wa haraka, sauti ya kumsimamisha dereva wa teksi kutoka ghorofani. Nasema mama, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Wanawake wenzake wote pale walikuwa Mama fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza, maana kwetu mwanamke akishazaa jina lake mwenyewe hupumzika. Yeye hakuwa na mtoto. Tulimwita Anti, sote, hata mzee mmoja wa Unguja aliyekuwa ananunua vitenge na mapazia na ambaye angeweza kumzaa.

Kila alipokuja mgeni lilitokea jambo lile lile. Mgeni anasalimia, anapokewa, anauliza kwa adabu zake zote, "Na wewe mwenzangu ni Mama nani?" Anti anajibu papo hapo, "Mama Kontena!" Watu wanacheka, naye anacheka kuliko wote. Halafu anageukia nguo zilizotundikwa na kuanza kukagua mishono ambayo alishaikagua. Nilikuwa nakasirika kila mara, na sikujua nimkasirikie nani, maana mgeni hakuwa na kosa.

Kazi aliyoipenda Anti kuliko zote ni kuzipa nguo majina. Kariakoo nguo haiendi bila jina. Mteja haji kuomba blauzi ya kitambaa chepesi yenye mikunjo begani. Anakuja kuomba "Wivu Kando", na kama huna jina hilo huna blauzi. Kwa hiyo kabla oda haijafungwa, sampuli ilitundikwa ukutani, Anti anaisogelea, anaivuta mkono, anaikunja pindo, anarudi nyuma hatua kadhaa, kisha anatamka. Sketi moja aliiita "Shemeji Karibu". Viatu vya wazi vya kamba nyingi vilikuwa "Usinipite". Kuna suruali ya jinzi ya kiume iliyobana kupita kiasi, nayo akaiita "Pumua Baadaye", ikauzwa mpaka ikaisha. Mwenye duka tulikonunua, laoban kama tulivyowaita wenye maduka wote, alikuwa mwanamke mkavu wa pale pale Guangzhou ambaye kwa kila swali letu jibu lake la kwanza lilikuwa meiyou, hakuna. Lakini Anti akianza kutaja majina, hata laoban aliacha kikokotoo chake na kusikiliza, ingawa haelewi hata neno moja.

Jumamosi moja tulipokwenda kula tambi kwenye mgahawa wa Waislamu nyuma ya jengo, nikatoa picha ya mto wangu mkobani ili nimalize kuandika vipimo wakati chakula kinasubiriwa.

"Nini hiyo, eksirei?" akauliza yule mzee wa Unguja.

"Mto wa barafu, Mzee. Uko Ncha ya Kusini."

"Umeganda, halafu mto? Unakwendaje?"

Nikaeleza. Barafu ikirundikana sana inaelemewa na uzito wake yenyewe, inaanza kuteremka polepole. Huwezi kuiona kwa macho. Uweke alama leo, urudi mwakani, utakuta alama imehama.

"Yakhe! Barafu inatembea!" Mzee akaweka vijiti chini. "Na huko mtu anaswali kaelekea wapi?"

"Kaskazini. Ukifika nchani kabisa, kila upande ni kaskazini."

"Basi hapafai," akasema, akarudi kwenye bakuli lake.

Anti alikuwa amevaa miwani na kuivuta picha karibu. "Mkubwa?"

"Ukiuleta nyumbani, unaanzia Mlandizi, unapita Kibaha, unameza Magomeni na Ilala yote, na ulimi wake unatokea baharini pale Kivukoni."

"Na unaitwaje?"

"Hauna jina."

Anti akavua miwani. "Kitu kikubwa hivyo hakina jina? Na suruali ya laoban inalo?"

Hapo mgahawa ukachangamka. Kila mtu akawa mtaalamu. Mzee alitaka uitwe Karafuu, kwa kuwa kila kizuri duniani kimetoka Unguja. Mkenya mmoja meza ya pili, ambaye hatukumwomba ushauri, akasema, "Iiteni Baridi Noma, manze, mmalize." Mtu wa Mwanza akataka Sangara. Kelele zikawa nyingi mpaka mpishi akachungulia. Mtu pekee ambaye hakutoa jina alikuwa Anti, na hilo lilinishangaza, kwa sababu huyu ndiye aliyekuwa hawezi kupita mbele ya soksi bila kuibatiza.

Alinipa jibu juma lililofuata, kwenye ghala la wakala wa mizigo, tukisubiri marobota yake yapakiwe kwenye lori la kwenda bandarini Nansha. Alikuwa amekaa juu ya robota moja, miguu inaning'inia kama msichana.

"Ule mto wako ulishapata jina?"

"Bado, Anti."

"Ninalo moja. Si la nguo." Akatazama watu wa lori. "Tunu."

Majina ya watu siyaandiki humu, lakini hili naliandika, kwa sababu si la mtu.

"Nilimwekea mtoto," akaendelea, kwa sauti ile ile ya kuzungumzia vitambaa. "Wa kike. Ninalo tangu naolewa. Zimepita nguo nzuri mikononi mwangu, mwenzangu, nikawa najiuliza, niipe hii jina hilo? Naona hapana, msimu ukiisha itashushwa bei. Lakini hiyo barafu yako haitoki fasheni."

Nilimwonea huruma, halafu nikaona haya, maana hakuwa ameomba huruma ya mtu. Alikuwa ananiletea jina zuri, baada ya kufikiri kwa makini, kama anavyofanya kazi zake zote. Nikamwambia, "Anti, limekaa sawa." Akasema anajua.

Darasani nilieleza mto wangu kama tulivyofundishwa, kutoka uwandani mpaka ghubani, bila kuusifu. Mwalimu akauliza maana ya jina. Nikasema ni kitu cha thamani, cha nadra, ambacho mtu anampa ampendaye. Akalijaribu mdomoni mwake, "Tu-nu, Tu-nu," akasema ni fupi na litapita kwenye ndimi nyingi bila kuumia. Likapita. Likawekwa pamoja na mengine yatakayopelekwa kwa kamati.

Jumamosi nilipanda ngazi za lile jengo la Zhanqian kwa kukimbia. "Anti, jina lako limepita! Tunu!" nikapiga kelele tangu mlangoni. Lilikuwa limepita darasani tu, lakini nani ana muda wa kusema hayo yote akiwa amefurahi?

Mzee wa Unguja, ambaye mdomo wake hakuna aliyewahi kuutangulia, akasimama upande wa pili wa ujia na kuita, "Hongera, Mama Tunu!"

Watu wakacheka. Halafu kicheko kikaisha, kwa sababu Anti hakuwa anacheka. Alisimama na blauzi mkononi, akamgeukia.

"Ita tena," akasema.

"Mama Tunu."

"Abee," akaitika.

Kuanzia siku ile Anti akafa akazaliwa Mama Tunu. Wanawake wenzake ndio waliolishika kwanza, na walilishika kwa nguvu, kama watu waliokuwa wanangoja ruhusa kwa miaka. Hata laoban alianza kumwita hivyo, akidhani ndilo jina alilozaliwa nalo, na tangu hapo meiyou zake zikapungua kidogo. Jumapili ikapikwa pilau. Mzee alikataa katakata habari ya mbuzi wa akika, akasema barafu haichinjiwi, lakini aliongeza pilau mara mbili na akaomba dua fupi "kwa ajili ya mtoto aliye mbali". Watu waliitikia amina huku wanacheka, na mama mwenyewe aliitikia bila kucheka.

Ikawa kila Jumamosi ananiuliza habari zake.

"Tunu kaamkaje?"

"Mzima. Kasogea kidogo."

"Kidogo tu?"

"Ndiyo mwendo wake."

"Huo upande wa baba yake," anasema, "mimi sina ndugu mvivu." Na tunaingia dukani kugombana na bei.

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile kwa ajili ya mtu mwingine. Mgeni akija na swali lake, Mama Tunu analijibu hata kabla halijaisha, na zile nguo zilizotundikwa zinabaki zimetundikwa.

Kisha mwalimu akaniita ofisini. Juu ya meza palikuwa na ramani ya zamani ya nchi nyingine kabisa, herufi zake siwezi kuzisoma. Alikuwa analinganisha mapendekezo yetu na ramani zote alizoweza kuzipata kabla ya kuyapeleka. Akaweka kidole. Milima yangu miwili ile pale, ghuba yangu ile pale, ulimi juu ya maji ule pale. Na juu ya mwili wa mto, kwa herufi ndogo zilizoinama, jina.

"Ulipewa kabla hujazaliwa," akasema. "Jina la kwanza hubaki."

Nilimwambia ramani ya darasa haikuwa nalo. Akasema kweli, na hilo ni kosa la ramani yake, na ataisahihisha. Lakini nilijua na langu. Nilitafuta kwa Kichina na kwa Kiingereza, nikaishia hapo, kama vile watu wengine wote duniani hawana midomo. Mimi! Mimi ninayefanya kazi kwenye jengo ambalo Waswahili tunaliita Ngazi Mbovu, Wakongo wana jina lao la Kifaransa, Wanaijeria wanaliita kwa jina la mgahawa uliokufa zamani, na Wachina wenyewe wanalitaja kwa namba. Nilishawatafuta wageni waliopotea mtaa mzima kwa sababu hiyo. Halafu nikadhani kitu kirefu kama Mlandizi hadi Kivukoni kimekaa kinanisubiri mimi.

Hasira zikanishika, na kwa hasira nikamwambia mwalimu jambo ambalo sikukusudia kumwambia: kwamba kuna mwanamke pale Zhanqian anayeitwa mama wa ule mto. Ilibidi nimweleze desturi yote. Alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kunisikiliza nikizungumzia barafu.

"Na jina likiondoka," akauliza, "watamwitaje?"

"Watarudi kumwita shangazi wa kila mtu," nikasema. Nilitaka kulia, na nilichukia kutaka kulia mbele yake.

Akavuta picha yangu, si ramani, picha yenyewe, akachukua kioo cha kukuzia na kukiweka juu ya lile tawi dogo la kushoto. "Huyu umemwandika 'tawi' tu. Ulimtazama?"

Sikuwa nimemtazama. Nikakaa naye juma zima. Kumbe alikuwa na chanzo chake mwenyewe, bonde la theluji nyuma ya mlima wa kushoto, halina uhusiano na ule uwanda mkubwa. Alikuwa na kona zake, na mporomoko wake mdogo wenye nyufa. Na ule mstari mweusi niliokuwa nimeupima mara nyingi bila kujiuliza ni wa nini, ulikuwa wake pia: mawe na vumbi la ukingo wake na la ukingo wa mkubwa vilikutana pale walipoungana, vikawa mpaka. Barafu mbili zikikutana hazichanganyiki kama maji. Zinakwenda ubavu kwa ubavu, kila moja upande wake wa mstari, mpaka baharini. Safari hii tulitafuta jina kwa kila lugha ambayo mwalimu aliweza kumpata mtu wa kuisoma. Halikuwepo.

"Unaweza kupendekeza upya," mwalimu akasema. "Lakini nadhani kuna mtu wa kumuuliza kwanza."

Nilimkuta Mama Tunu anagombana. "Tai gui le!" anamwambia laoban, ghali mno, na laoban anajifanya kufunga duka. Nilingoja wamalizane, nikamvuta pembeni, tukakaa juu ya marobota kwenye ujia. Sikuzunguka, kwa sababu najijua, nikizunguka nakwama.

"Mama Tunu, ule mto una jina lake. Tangu zamani. Hatukujua."

Uso ukamshuka. Alikunja pindo la blauzi aliyoishika, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nani kaupa?"

"Watu wa nchi nyingine. Walifika huko."

"Wenyewe? Kwa miguu, kwenye baridi hiyo?"

"Nadhani hivyo."

"Basi wana haki yao," akasema. "Mtoto wa watu hanyang'anywi." Akatazama ule ujia, wenzake walivyokuwa wanapiga kelele na kufunga mizigo, na nikajua anafikiria nini. Anafikiria siku ya mgeni ajaye.

"Yupo mwingine," nikasema.

Nikatoa picha na kumwonyesha. Akavaa miwani. Mimi naeleza bonde, kona, mporomoko, na yeye kidole chake kinafuata.

"Hana mtu huyu?"

"Hana."

"Umeangalia vizuri safari hii?"

"Kwa lugha zote."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Mdogo. Kama kutoka Ubungo kwenda Kariakoo."

"Na akishakutana na huyo mkubwa wa watu, anamezwa?"

Ndilo swali lililokuwa linamtia hofu, nilisikia kwenye sauti. Nikamwonyesha mstari mweusi. Nikamwambia kila kilicho upande huu ni barafu yake, kimetoka kwenye bonde lake, na kitabaki chake mpaka majini. Anabanwa, anakuwa mwembamba, lakini hapotei.

Mama Tunu alitazama mstari ule kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama mshono wowote.

"Nipe huyo," akasema.

Halafu akasimama, akaweka mikono kinywani, na kumwita mzee wa Unguja aliyekuwa upande wa pili anapima mapazia. "Mzee! Kumbe tulikosea mtoto! Yule mkubwa si wetu, wa watu! Wetu ni huyu mdogo wa pembeni!"

Mzee hakuacha kupima. "Hospitali gani hiyo inachanganya watoto?" akajibu kwa sauti, na ujia mzima ukaangua kicheko, na Mama Tunu akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nilicheka, na pale katikati ya kicheko ndipo yale machozi niliyoyazuia ofisini yalipopata nafasi.

Pendekezo jipya likaenda. Jibu halikurudi mwezi ule, wala muhula ule. Nikimuuliza mwalimu anasema kamati hizi zinakwenda kwa mwendo wa barafu yenyewe. Nilipokaribia kumaliza masomo nilianza kuwa na wasiwasi, nikamwambia Mama Tunu wazi kwamba huenda jina lisikubaliwe, au likubaliwe nikiwa nimeshaondoka.

"Kwani kamati ndiyo inayoniita?" akauliza, na kunipa sampuli nimshikie.

Mara ya mwisho kufanya naye kazi tulikuwa kwenye lile ghala, lori la Nansha limeegeshwa, marobota yanapanda. Wakala alikuwa amemleta mgeni, dada wa Mwanza aliyefika kwa mara ya kwanza, bado ana macho ya mtu asiyejua aanzie wapi. Mama Tunu akampokea mkoba, akampa maji, akamwelekeza choo kilipo. Yule dada akashukuru, kisha akasema kwa adabu zake zote, "Na wewe mwenzangu ni Mama nani?"

Nilishikilia pumzi, kwa mazoea tu.

"Mama Tunu."

"Tunu yuko nyumbani?"

"Yuko kusini. Muulize huyu, ndiye aliyempima."

Dada akanigeukia, anasubiri. Nikamweleza kama nilivyofundishwa, bila kumsifu: kwamba anaanzia kwenye bonde la theluji nyuma ya mlima mweusi, anateremka kuelekea kaskazini, anaungana na ubavu wa kushoto wa mkubwa mmoja, na kutoka hapo wanakwenda bega kwa bega mpaka baharini, yeye akibaki upande wake.

Dada wa Mwanza alinitazama, akamtazama Mama Tunu, akanitazama tena. Nadhani alituona wendawazimu, lakini alikuwa amelelewa vizuri.

"Mungu akukuzie, mama," akasema.

"Amina," akaitikia Mama Tunu.